Bila jina kwenye sanduku la barua, hujafika

Kila anayenipigia simu swali lake ni lilelile: vipi baridi? Baridi ni jambo dogo jamani. Unavaa koti, unafunga zipu mpaka kidevuni, unaendelea na safari. Kilichonitoa jasho hapa Dresden, Ujerumani, tangu nilipotua mwishoni mwa Septemba 2024 hadi hivi karibuni katikati ya Novemba, ni sanduku la barua. Walionishauri kabla ya safari walinieleza habari za soksi nzito, mafuta ya midomo, hata namna ya kutembea kwenye barafu. La sanduku hakulitaja mtu. Basi nalitaja mimi.

Nianze na pesa, maana ndiko mambo yote yanakoanzia. Vyuo vikuu vya serikali vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada. Unalipa mchango wa muhula, na mara nyingi tiketi ya usafiri imo humohumo. Watu wakisikia hivyo wanadhani tumekuja kula bure. Kumbe kabla hujapewa viza lazima uthibitishe kwamba una fedha za kujikimu mwaka mzima, na njia iliyozoeleka ni akaunti iliyofungwa. Nilipoomba viza yangu kiwango kilikuwa yuro 11,208. Walioomba kuanzia Septemba 2024 wamekuta kimepanda hadi 11,904. Za kwangu zilichangwa na ukoo mzima, baba mdogo akiwa mweka hazina na mpiga kelele mkuu, na zilizopungua tukakopa kwa mtu ambaye bado ananitumia salamu za "habari za masomo?" zenye maana nyingine kabisa.

Pesa hizo unaziweka kwa mkupuo, zinafungwa, kisha unaletewa kidogokidogo kila mwezi. Fungu langu ni yuro 934. Sasa sikiliza mzunguko wake. Fungu halitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida katika benki ya hapa. Benki niliyokwenda haifungui akaunti mpaka ulete cheti cha usajili wa makazi. Ofisi ya usajili haikupi cheti mpaka ulete fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli umehamia. Na hata akaunti ikishafunguliwa, kadi inakuja kwa posta, bahasha yake peke yake, na namba ya siri inakuja kwa bahasha nyingine siku nyingine, ili mwizi akipata moja asipate ya pili. Wazo zuri sana kwa kumzuia mwizi. Mimi pia lilinizuia.

Kwa hiyo kuna kipindi unakuwa na maelfu ya yuro kwa jina lako na huku unasimama dukani ukilinganisha bei za mkate. Nilikuja na noti kidogo mfukoni, na bado kuna kodi ya chumba na bima ya afya, ambayo ni ya lazima na ni yuro mia na kitu kila mwezi. Bima haina subira.

Hosteli yetu ni jengo refu la zege la enzi za Ujerumani Mashariki. Tunakaa watatu kwenye nyumba moja, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya pamoja. Kuna dada Mjerumani anayesomea ualimu, na kijana wa Kolombia anayesoma uhandisi wa mitambo. Chumba nilikikuta na kitanda, godoro, meza, kiti, basi. Shuka hakuna, mto hakuna, hata taa ya mezani hakuna. Dada Mjerumani alinitazama nilivyosimama mlangoni na sanduku langu, akaenda chumbani kwake, akarudi na blanketi na mto. Akauweka mto juu ya godoro, akaupiga kofi mara moja kuusawazisha, akasema, "Utanirudishia ukinunua wa kwako." Hakutabasamu. Nilidhani amekasirika. Baadaye nimemzoea. Huyu mtu hatabasamu ovyo, lakini akikuahidi kitu saa kumi, saa kumi yuko mlangoni.

Mtu muhimu kuliko mkuu wa chuo ni msimamizi wa jengo. Saa zake za ofisi zimebandikwa mlangoni, ni chache, na nje ya saa hizo hayupo hata kama unamwona. Nimemkuta anafagia majani, nikamsalimia, akanijibu vizuri tu, nikataja fomu yangu, akanionyesha kwa kidole kile kibandiko cha mlangoni. Nikarudi siku ya kibandiko. Akanipokea kama hatujawahi kuonana, akasaini fomu, akaigonga muhuri, akanipa funguo mbili: wa chumba na mdogo wa sanduku la barua.

Usajili sikuwa na shida nao. Sheria inataka ujisajili ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na mama aliyenihudumia alikuwa mchapakazi, anaandika huku anauliza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, ndoa. Halafu, bila kunyanyua macho, "Dini?" Nikashtuka. Dini yangu na serikali wapi na wapi? Kumbe ina sababu yake: ukiandikwa Mkatoliki au Mprotestanti, siku ukianza kupata mshahara unaokatwa kodi ya mapato, unakatwa na kodi ya kanisa juu yake. Hapa jimbo la Saxony ni asilimia 9 ya ile kodi yenyewe. Wapo wanaofika, wanajibu kwa moyo mweupe, na wanakuja kulielewa jibu lao kwenye karatasi ya mshahara. Mimi nilijibu nilichojibu, hilo ni langu na Mungu wangu.

Nikatoka na cheti. Benki wakakipokea, akaunti ikafunguliwa. Wakaniambia nisubiri posta.

Basi nikasubiri. Ukiingia kwenye lango la hosteli, ukuta wa kushoto wote ni visanduku vya bati, safu juu ya safu, kila kimoja na tundu jembamba na kijidirisha cha plastiki cha kuwekea jina. Cha kwetu kilikuwa na majina matatu, mawili ya wenzangu na la tatu la mtu aliyehama kabla yangu. Nilimwomba msimamizi abadilishe. Akasema sawa, vibandiko vinatolewa na ofisi kuu, vitakuja. Kila jioni nilifungua kile kisanduku. Tangazo la piza. Gazeti la matangazo ya maduka. Barua za yule aliyehama, nyingi, nikawa namwonea wivu.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja Mkenya anayesoma uzamivu, ambaye tulifahamiana kituo cha basi namba 61 baada ya kunisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Nilimweleza masaibu ya kadi. Hakuniuliza benki gani wala nilijaza nini. Aliuliza kitu kimoja.

"Dada, jina lako liko kwenye sanduku?"

"Bado kaka, wanasema kibandiko kinakuja."

"Basi barua zako zinarudi zilikotoka. Mtu wa posta hapa haangalii namba ya chumba, anaangalia jina. Jina halipo, na wewe haupo. Andika leo, hata kwa kalamu, bandika kwa gundi."

Jioni ile nikakata kipande cha boksi la nafaka, nikaandika jina langu la ukoo kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, nikafunika kwa selotepu mara mbili ili mvua ya lango isilifute. Nikapiga simu benki. Sauti ya upande wa pili ikathibitisha kwa upole kwamba ndiyo, bahasha ya namba ya siri ilirudi, mpokeaji hajulikani kwenye anwani hiyo. Watatuma nyingine. Mpokeaji hajulikani! Na ndani ya mkoba ninacho cheti chenye muhuri kwamba ninaishi hapo.

Wakati nasubiri awamu ya pili, kilichonisaidia ni chupa. Hapa ukinunua maji au soda kwenye chupa ya plastiki unalipa na amana ya senti 25, na ukiirudisha dukani unarudishiwa. Yule kijana wa Kolombia ni mnywaji wa soda asiye na mpinzani, na mvivu wa kurudisha. Chini ya sinki alikuwa na mifuko imefura. Nikamuuliza mpango wake nayo ni upi. "Mpango wangu ni wewe," akasema.

Mashine yenyewe iko nyuma ya duka, ina tundu la duara lenye mwanga ndani. Unaingiza chupa kwa kitako, mkanda unaivuta, inazungushwa taratibu ili alama isomwe, kisha unasikia inapondwa huko ndani, na namba kwenye kioo inapanda: 0.25, 0.50, 0.75. Chupa iliyobonyea sana inatemwa. Unaitoa, unaipuliza kwa mdomo irudie umbo lake, unaingiza tena, inakubali. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wazima na mifuko yao, hakuna aliyenicheka, na bibi mmoja alinielekeza nigeuze alama iwe juu. Mwisho unabonyeza kitufe, karatasi inatoka, unaipeleka kwa mtu wa malipo. Chupa 20 ni yuro 5. Yuro 5 ni mkate, mayai na maharage ya kopo, na chenji inabaki. Zile wiki nilipika maharage kwa namna ambazo sijui kama zimewahi kujaribiwa.

Ila uwe na ratiba kichwani, maana Jumapili maduka yamefungwa. Si baadhi, maduka. Na sikukuu nazo hivyohivyo: Oktoba 3 ni siku ya muungano wa Ujerumani, Oktoba 31 hapa Saxony ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, na Jumatano ijayo tuna Siku ya Toba na Sala, ambayo ni mapumziko katika jimbo hili peke yake, Wajerumani wengine wote wanaenda kazini. Mambo ya kutubu Jumatano bila mkate sitaki. Nimeshanunua.

Masomo yalianza katikati ya Oktoba. Nasoma sayansi na uhandisi wa maji, shahada ya uzamili, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dresden. Ratiba yao imekatwa kwa vipindi vya dakika 90, na vina namba. Kipindi cha kwanza kinaanza saa moja na nusu asubuhi, kinakwisha saa tatu kamili. Cha pili saa tatu na dakika 20. Watu hawasemi tukutane saa ngapi, wanasema tukutane baada ya cha tatu. Somo likiisha hakuna makofi. Wanafunzi wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima unanguruma, na mhadhiri anaendelea kukunja waya za kompyuta yake kana kwamba hasikii.

Hakuna anayekuita jina kuangalia kama umekuja. Hakuna anayekukumbusha kujisajili kwa mtihani. Usiposajili, huna mtihani, na hutasikia mtu akigomba. Kwa mtu aliyezoea kufokewa ndipo afanye, ukimya huu unatisha kuliko fimbo.

Darasa ndilo lililonirudishia akili, maana huku nje nilikuwa mwombaji wa karatasi tu. Na mji wenyewe ni kitabu kwa mtu wa maji. Nilifika wiki mbili tatu baada ya daraja la Carola kuanguka. Alfajiri ya Septemba 11 kipande cha karibu mita 100, chenye reli za tramu juu yake, kilizama mtoni Elbe. Tramu ya mwisho ilikuwa imeshapita, hakuna aliyeumia. Daraja lilikuwa limebeba pia mabomba ya maji moto yanayopasha joto nyumba za watu, yakapasuka, na sehemu kubwa ya mji ikakosa maji ya moto kwa muda. Siku hizohizo mvua kubwa zikaja na Elbe ikapanda hadi karibu mita 6, mafundi wakiwa mbioni kuondoa vifusi visizibe njia ya maji. Nilipokwenda kusimama ukingoni mto ulikuwa umeshashuka. Nyasi zililala zote upande mmoja, na mstari wa matope na vijiti ulionyesha maji yalipofika. Nilipiga picha ule mstari kabla ya kupiga picha kanisa la Frauenkirche, ambalo ndilo wageni wote wanalolipiga.

Wiki za mwanzo tulipelekwa Tharandt, mji mdogo msituni, dakika chache kwa treni kutoka kituo kikuu. Huko kuna shule ya misitu tangu 1811 na chuo kina watu wake wa hali ya hewa na maji. Reli inafuata bonde la mto Weißeritz, kijito tu, ukikitazama unaweza kukivuka umekunja suruali. Mhadhiri alisimama kwenye behewa akishika nguzo na kutuambia tusikidharau. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliuhamisha mto huu ndani ya Dresden, wakauchimbia njia mpya upande wa magharibi ili mji na reli vipate nafasi. Agosti 2002 mvua ikanyesha milimani kwa namna ambayo haijazoeleka, na Weißeritz ukaacha njia iliyochimbwa, ukarudi kwenye mkondo wake wa zamani, mpaka ndani ya kituo kikuu cha treni. Maji yakasimama kwenye majukwaa ya abiria. Siku chache baadaye, Agosti 17, Elbe nayo ikafika mita 9.40 kwenye kipimo cha Dresden, ikivunja rekodi ya mita 8.77 iliyodumu tangu 1845.

Miaka zaidi ya mia moja, na mto bado ulijua anwani yake. Nikiwa kwenye lile behewa, na bahasha yangu imerudishwa kwa kukosa jina kwenye bati, nilicheka peke yangu. Binti wa Vietnam aliyekaa kando yangu akauliza kuna nini. Nikamwambia ni hadithi ndefu ya posta. "Na wewe pia?" akasema, akafungua simu kunionyesha picha ya sanduku la hosteli yao, jina lake limeandikwa kwenye plasta ya kidonda.

Barua zikaanza kuja. Ya kwanza kabisa yenye jina langu nchini Ujerumani ilitoka kwa watu wa kodi: namba yangu ya mlipakodi, tarakimu 11, yangu mpaka nife. Sijaingiza hata senti, wao wameshajipanga. Ikafuata kadi ya bima yenye picha niliyopiga nikiwa nimenuna. Halafu bahasha nyembamba ya benki, ile yenyewe, namba ya siri imefichwa chini ya kibandiko cha kukwangua. Nilikwangua nimekaa kwenye ngazi za lango, sikuweza kungoja kufika juu. Mafungu yaliyochelewa yakaingia. Nikanunua shuka, mto, na taa ya mezani, kwa maana saa zimerudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, na katikati ya Novemba saa kumi na robo jioni jua limeshazama na ukisoma bila taa unasoma kwa imani. Mto wa dada Mjerumani nikaurudisha umefuliwa. Akaukagua pande zote mbili, akasema vizuri.

Kibandiko rasmi kutoka ofisi kuu hakijaja. Boksi la nafaka linaendelea na kazi.

Na juzi imekuja barua nyingine, nene, yenye fomu. Kila kaya Ujerumani inalipa mchango wa redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mimi sina. Wamenipata kwa sababu nimejisajili, na wamenifikia kwa sababu jina langu liko kwenye sanduku. Nikapanda nayo juu kwa hasira. Dada Mjerumani hakushangaa hata kidogo, akatoa faili lake, akanisomea namba ambayo nyumba yetu inalipia tayari, nikaijaza kwenye fomu. Kwa watu watatu ni yuro 6 na senti 12 kila mmoja. Tumekubaliana nimlipe kila baada ya miezi mitatu, na kijana wa Kolombia, ambaye kumbe hajalipa tangu Agosti, atalipa kwa chupa. Fomu nimeirudisha kwa posta, stempu wakati huo, 2024, ilikuwa senti 85.